Kicheko Kilichotangulia Utani

Kicheko kilikuja mapema. Ukimwambia hivyo mtu asiyejua jukwaa atakuuliza, sasa tatizo liko wapi, si bora wamecheka? Mwambie anyamaze. Mchekeshaji akichekewa kabla hajasema, amekwisha.

Ilikuwa Jumatatu, Bradford, majira ya baridi kali ya mwaka 1895. Lettie Garbutt alikuwa ameimba opera za vichekesho miaka ishirini na minne katika kampuni yetu, tukizunguka miji ya kaskazini mwa Uingereza. Aliingia jukwaani na kofia yake ya kikongwe, ile ya kufungwa utepe kidevuni, akashika kiuno, akavuta pumzi. Kabla hajafungua mdomo, mtu akacheka peke yake kule juu kabisa, kwenye mabenchi ya bei ya chini. Ndipo Lettie akatoa utani wake. Ukumbi kimya. Mama mmoja akakohoa.

Jumanne ikawa hivyo hivyo. Jumatano, onyesho la mchana, kila utani ulitanguliwa na kicheko kile kimoja, na watu wakamtazama Lettie kama wanavyomtazama mlevi kanisani. Baada ya pazia meneja alimwita.

"Bi Garbutt, nakupa mpaka Jumamosi. Wasipocheka, anaingia Violet."

Violet! Binti aliyefundishwa na Lettie mwenyewe, hata namna ya kuanguka bila kuvunja nyonga. Na Lettie alikuwa na miaka arobaini na sita. Akitolewa pale, kampuni gani nyingine ingemchukua?

Ambrose Pickersgill, mwenzake wa kuimba naye wawili wawili tangu mwanzo, alimshika bega. "Uchovu tu huo, mpenzi. Si umwachie mtoto kidogo, upumzike?"

"Nitapumzika kaburini," Lettie akasema.

Alhamisi adhuhuri, jumba likiwa tupu, alipanda mwenyewe kule juu kumtafuta huyo mchekaji. Alikuta mabenchi na vumbi lake, na juu ya benchi la mwisho maganda ya chungwa, mabichi, na alipoyagusa yalikuwa na joto kama yametoka mkononi mwa mtu, na harufu ya chungwa ikamzunguka na kumziba pua, na alipogeuka ashuke ngazi akasikia nyuma ya shingo yake, karibu kiasi cha kuhisi pumzi, mwanamke akicheka taratibu, na kilichomtisha hakikuwa kule kucheka, ilikuwa kwamba kicheko chenyewe alikijua, kwa sababu kilikuwa chake, cha ujana wake, alichokuwa akicheka nyuma ya mapazia msimu wao wa kwanza kila Ambrose alipomtania.

Alishuka mbio mpaka kwa Bi Tranter, mtunza maleba wetu, mama aliyezaliwa nyuma ya jukwaa na aliyejua mambo ambayo kasisi hakuyajua. Mimi nilikuwa mwanakwaya, nimekaa pale nikishona soksi zangu.

"Nani kausema mstari wa mwisho?" Bi Tranter akanong'ona kabla Lettie hajamaliza kusimulia.

Kwetu mstari wa mwisho wa mchezo hausemwi kwenye mazoezi. Ukifika pale unasema ta-ta-ta, basi. Mchezo ukimalizwa bila watu ukumbini, humalizwa kwa ajili ya wale wengine, majini wanaokaa viti vitupu, na wakishaonja hawatoki.

"Si mimi, Tranter! Haki ya Mungu nasema ta-ta-ta kama kila mtu."

"Basi mtu kavaa kofia yako, kausema kwa niaba yako. Lete kofia."

Akaigeuza ndani nje. Kitambaa cheupe cha ndani kilikuwa na doa jeusi la rangi ya nywele, linanuka mafuta ya waridi. Mwanamume aliyepaka nywele rangi katika kampuni nzima alikuwa mmoja, Ambrose.

Lettie akakaa juu ya kapu la nguo. "Nilimuuguza homa kule Hull," akasema. "Ile rangi nampaka mimi, Tranter. Kule kisogoni ambako mkono wake haufiki." Akalia kwa uchungu, mdomo wazi, kama mtoto. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani hujikagua nguo kila siku?

"Aliyemwita jini ndiye atamchukua," Bi Tranter akasema. "Ukumbi ukijaa, mvishe kofia, mstari wa mwisho aseme yeye. Ila jini haondoki mikono mitupu. Atabeba kitu chako."

"Abebe."

Jumamosi, wakisubiri kuingia, Lettie alimuuliza kwa sauti ya chini, "Ambrose, ulivaa kofia yangu?"

"Violet ana miaka ishirini na miwili, Lettie. Nikiimba nawe wananiona mzee. Nilidhani utateleza kidogo tu, uondoke kwa heshima."

"Kwa heshima," Lettie akarudia.

Onyesho zima lilikuwa mateso. Ulipofika mstari wa mwisho, wa kikongwe anayetafuta mume, Lettie hakuusema. Alifungua utepe, akamvika Ambrose kofia, akamfunga kidevuni kwa nguvu.

"Sema," akanong'ona.

Wapiga muziki wanasubiri. Jasho jeusi linamtiririka shavuni. "Haya basi," Ambrose akasema, "nani atanioa?"

Kicheko kilianza kule juu, kimoja, kikashuka benchi kwa benchi, na nyuma yake ukumbi mzima ukaangua, watu wakishika mbavu. Harufu ya chungwa ilinipita usoni ikielekea kwake.

Jumapili, ndani ya treni, Ambrose alikuja kusimama mbele ya Lettie. Alifungua mdomo aombe radhi. Kabla hajatamka, mwanamke akacheka begani pake. Sote tulimgeukia Lettie. Midomo yake ilikuwa imefungwa, machozi yanamtoka.

Aliimba miaka kumi na mmoja zaidi, na majumba yalimchekea mpaka kuta zikatikisika. Yeye hakucheka tena, hata kwa adabu.

Ambrose alipomzika mama yake alisimama kaburini asome sala. Lettie alikuwa Leeds siku hiyo, mazoezini. Ambrose akafungua kitabu, akavuta pumzi, na kabla hajasema neno waombolezaji wote wakasikia msichana akicheka, kwa furaha, kama anayependwa. Walitazamana wakiulizana ni nani. Mimi nilikuwepo, nami sikuwaambia.