Mulango wa Depo ya Mathe

Hii yote niliiona mwenyewe, nyuma ya mifuko ya chumvi, na mwenye kubisha aje depo ile ya Mathe, ghala lake la bidhaa pale Butembo, atanikuta. Harufu ndiyo ilianza: ya mushumaa uliozimwa sasa hivi, na hakuna aliyewasha mushumaa.

Kanyere aliisikia mchana, amejifungia mule na bwana yake Mathe, kwani waasi walikuwa wanapora muji. Mutoto wao Phinées, wa kunyonya bado, alikuwa ng'ambo ya barabara kwa mama mukubwa wake. Alikuwa analia. Kanyere alimusikia.

Juu ya mulango, inje, Mathe alikuwa ametundika mapambo ya sikukuu moja ya wazungu, yaliyokuja kwa makosa ndani ya katoni zake za bidhaa za Noeli: mifupa ya mutu inayocheka, muchawi juu ya ufagio, paka mweusi, boga lenye meno. Kwao wazungu wanayakusanya moja moja, wanayapenda. Mathe aliwaza mwasi anaogopa dawa ya uchawi kuliko risasi. Akayapaka damu ya kuku, akayapa kazi, jinsi dawa inavyopewa: "Mutu yeyote asipite hapa."

Waasi walifika, wakaangalia juu, wakarudi kinyumenyume. Mathe akacheka mpaka machozi.

Risasi ziliponyamaza, Kanyere akatoa komeo, akavuta. Mulango haukutikisika.

"Papa Phinées, kuya unisaidie."

"Ninavuta, mama. Ni kama kuko mutu anaushika."

"Hapana mutu. Ni bile bitu byako."

"Ile ni plastiki tu ya Dubai."

"Plastiki inapumuaka?"

Wakasikiliza, na kweli kulikuwa na pumzi, ndefu, ya baridi, ikipita chini ya mulango na kurudi, na juu yake meno ya boga yakigonga bati ya mulango, ko, ko, ko, na kila yalipogonga kilio cha Phinées kilikuwa kidogo kuliko mbele.

"Uliambia bile bitu mutu asipite," Kanyere akanong'ona. "Na siye?"

"Nilisahau siye."

"Basi kwako siye hatuko batu."

Maziwa yalikuwa yamelowesha kitenge chake. Akakamua kiganjani, akapitisha mukono chini ya mulango. Ulimi mukavu ukaulamba, polepole, mpaka katikati ya vidole.

Mulango ukafunguka. Kanyere akakimbia na kiatu kimoja, na Phinées akanyonya mpaka usingizi ukamushika.

Nilitunga kitu kimoja tu, kwa kumuhurumia mutoto: kufunguka kwa mulango. Mpaka leo haujafunguka.