Jiwe la Saba Ukingoni mwa Bwawa

Jumapili, tarehe 21 Julai, mwaka 2019, Bimlesh aliamka alfajiri kama kawaida yake, akachuchumaa uani pamoja na bibi yake, Bibi Chandro, akaanza kufinyanga mikate ya samadi. Nyati wao wawili wa kufugwa walikuwa wameshakamuliwa. Bimlesh, binti wa miaka kumi na miwili, alichanganya samadi na makapi ya ngano, akaikanda kwa kiganja hadi ikawa duara, kisha akaianika.

Katika kijiji chao cha Nangal Johri, jimboni Haryana, mikate hiyo ndiyo kuni. Ikisha kukauka hupangwa mlundo mrefu kuliko mtu, nao husiribwa kwa udongo kabla ya mvua. Hutobolewa kitundu kidogo tu cha kutolea mikate ya siku. Kuubomoa mlundo wakati wa mvua ni kulizima jiko lako mwenyewe kwa miezi miwili.

Mlundo wa Bibi Chandro haukuwa uani. Ulisimama ukingoni mwa bwawa la kijiji, juu ya ardhi ya umma, na Bimlesh alijua kilichofichwa chini yake.

Mwanzoni mwa mwaka, Mahakama Kuu iliamuru kila aliyejenga kwenye ardhi ya bwawa aondoke, kwa kuwa maji ya mvua yalikosa njia yakawa yanafurika hadi madarasani. Mwezi wa nne kuta zilibomolewa. Mpima ardhi akasimika mawe tisa ya mpaka. Mwenyekiti wa kijiji, Rajbala, akaiandikia mahakama kwamba ardhi yote iko wazi. Siku chache baadaye, Bibi Chandro alimwonyesha mjukuu wake jiwe la saba.

"Anza kupanga hapa, mwanangu. Jiwe halina mdomo."

Bimlesh akapanga. Lakini kijijini kulikuwa na askari mstaafu aliyefungua kesi ya bwawa, na macho yake hayakuwa na usingizi. Alirudi mahakamani kulalamika kwamba amri haijatekelezwa. Sasa Rajbala alikuwa ameitwa Ijumaa iliyofuata ajibu shtaka la kudharau mahakama.

Saa mbili asubuhi sauti ya Phooli, jirani yao, ilisikika juu ya ukuta. "Mama Chandro! Mwanasheria wa mahakama amefika na ramani. Mlundo wako nao umeota miguu? Mwezi wa nne ulikuwa kule, leo uko bwawani. Umekwenda kuoga?"

"Wewe Phooli, angalia maziwa yako yasifurike!" Bibi alimjibu, lakini mikono yake iliacha kufinyanga.

Wote walikwenda bwawani. Wakili Bhatnagar, mtu mwembamba mwenye miwani, alikuwa ametumwa na jaji aone kwa macho yake. Alitembea na mpima ardhi kutoka jiwe hadi jiwe: la nne, la tano, la sita. Baada ya hapo akasimama.

"La saba liko wapi, Mwenyekiti?"

Rajbala alitazama ramani, akatazama mlundo. Uso wake ulipauka. "Lilikuwa hapa hapa, Mheshimiwa. Nililiona likisimikwa."

"Mlundo huu ni wa nani?"

"Wangu," alisema Bibi Chandro, akivuta mtandio usoni. "Uko hapa tangu enzi za mume wangu. Jiwe sijaliona."

Watu walinung'unika wao kwa wao. Nani angemwumbua bibi kizee mbele ya mgeni?

Wakili alifungua kalamu. "Mwenyekiti, uliandika kwa sahihi yako kwamba mawe yote tisa yapo na ardhi iko wazi. Nikiandika kwamba jiwe halipo na ardhi imezibwa, jaji atauliza kama uliidanganya mahakama. Unajua anaweza kukufunga? Ijumaa uje na mtu wa kuwaangalia watoto wako."

Bimlesh alimwita Rajbala Mama Mkubwa, kwa kuwa alikuwa mke wa binamu mkubwa wa baba yake. Mama Mkubwa hakumnyooshea mtu kidole. Aliinamisha kichwa tu.

Kwa mbali, upande wa magharibi, wingu jeusi lilikuwa limetanda. Bimlesh alilitazama, akautazama mlundo. Akifungua kinywa, bibi yake ataaibika na kuni za nyumba nzima zitalowa. Asipokifungua, mtu atafungwa kwa kosa ambalo mikono yake yeye ilishiriki.

"Jiwe limo humu ndani," alisema.

"Nyamaza, mtoto wewe!" Bibi alifoka.

"Nililifunika mimi, Bibi. Nisameheni." Machozi yakimtiririka, Bimlesh alichomeka vidole katika udongo mkavu akabandua kipande. Wanawake waliguna. Akachomoa mkate wa kwanza, wa pili, wa kumi. Hakuna aliyemzuia, na hakuna aliyemsaidia.

Rajbala ndiye aliyepiga magoti kando yake. Walichimba pamoja hadi kichwa cha jiwe kikaonekana, na juu yake namba saba, nyekundu.

"Jiwe limepatikana," alisema Wakili Bhatnagar. "Lakini ardhi bado imezibwa. Mimi huandika ninachokiona nikimaliza kupima, na bado nina mawe mawili. Nitamaliza saa kumi."

Phooli alielewa kabla ya wengine: walikuwa wamepewa hadi saa kumi. Alijitwika karai. "Haya, mnangoja mwaliko wa harusi? Nyumbani kwangu kuna banda tupu. Bebeni!"

Wakabeba. Yule askari mstaafu naye alikunja mikono ya shati, akajitwika kapu. Saa nane matone ya kwanza yalipodondoka, nusu ya mlundo ilikuwa bado imesimama. Bibi Chandro alikuwa amekaa kando. Ghafla alisimama, akafunga mtandio kiunoni.

"Si hivyo, wajinga nyie! Funikeni kwa magunia kwanza. Hamjawahi kuona mvua?"

Saa kumi kasoro robo ardhi ilikuwa tupu. Theluthi moja ya kuni ililowa. Maji ya mvua yalishuka kutoka upande wa shule, yakapita mbele ya jiwe la saba, yakaingia bwawani.

Ijumaa, Rajbala alimweleza jaji ukweli wote. Jaji alimwonya vikali, kisha akaifunga kesi.

Jioni hiyo Rajbala alikuja kunywa mtindi uani kwa akina Bimlesh. Bibi Chandro alimsogezea kiti mwenyewe.

"Nimekukosea, Rajbala," alisema. "Nilidhani cha wote hakina mwenyewe."

"Nami nilikosa, Mama," alijibu Rajbala. "Nilitia sahihi kisha sikurudi kuangalia. Sahihi ni ahadi, na ahadi haiishi wino ukikauka." Akamgeukia Bimlesh. "Nawe ulikosa ulipolifunika lile jiwe, mwanangu. Lakini sikiliza: ardhi ya umma ina mwenyewe, naye ni kila mtoto anayekalia dawati lililolowa. Kosa likishatendeka, ukweli huuma. Ila ukiusema ungali na muda wa kurekebisha, huokoa watu, hata yule aliyekukataza usiuseme."

Nawe uliyeufikia mstari huu, usiufunge ukurasa na kunyamaza. Msomee mdogo wako, au mzazi asiyejua kusoma, habari ya jiwe la saba. Naye mwambie amsimulie mwingine.