Ukwaju Juu ya Shaba

Kitendawili! Pacha wawili, sura moja, kimo kimoja, jina moja, lakini kila mmoja na mamake. Tegueni basi. Hamuwezi? Haya, nipeni mji. Mmenipa Matrah, bandari ya Waarabu. Nimekwenda Matrah, nimekula halua ya moto, nimerudi na jawabu: ni vipande viwili vya shaba vya Amerika. Msicheke. Kwa ajili ya kipande kama hicho, wawili waliopendana nusura wapoteane.

Walikutana soko la Matrah, Alkhamisi jioni, vichochoro vimejaa watu, moshi wa ubani unawasha macho. Nasriya alikuwa anatafuta riyale ya fedha ya kuziba pengo kwenye mkufu wa shangazi yake. Abaya nyeusi, mikono ina darizi ya kijani, mwendo wa mbio kama kawaida yake. Akamkanyaga mtu aliyechuchumaa mbele ya duka la vitu vya kale.

"Yallah, kaka! Umeziba njia kama jiwe la msingi!"

Kijana akainua uso. Kanzu nyeupe ya dishdasha, kofia ya darizi ya zambarau, na jicho moja kubwa kama la bundi, kwa sababu lilikuwa nyuma ya lenzi. Nasriya akaangua kicheko.

"Samahani, dada. Nilikuwa nahesabu majani."

"Majani? Sokoni humu?"

"Majani ya taji hili." Akamwonesha kipande cha shaba, cheusi kama kokwa ya tende.

Jina lake Jaifar. Mchana hupima watu macho katika duka la miwani, mtaa wa Ruwi. Wazee wake walirudi kutoka Tabora. Papo hapo, watu wanawapiga vikumbo, akamweleza. Zamani huko Amerika chenji ziliadimika, wenye maduka wakajipigia vipande vyao wenyewe vya shaba. Fundi alichonga chapa kwa mkono juu ya chuma. Chuma kikipasuka, alichonga kingine, na mkono wa mtu haurudii sawasawa: huku jani limezidi, kule herufi imeinama. Ndio hao pacha wa mama wawili, mama ndiye chuma. Na Jaifar, akishatoka kazini, furaha yake ni kumjua kila pacha na mamake.

"Na wewe hukuona kazi nyingine ya kufanya?" Nasriya akauliza.

"Nilikuwa sijaiona. Nimeiona sasa hivi, imenikanyaga mguu."

Riyale hakuipata siku ile, lakini namba ya simu aliitoa.

Basi simu ikawa haipoi. Nasriya yuko kazini, duka la dawa, anampigia baina ya mgonjwa na mgonjwa.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula."

"Lenzi umeshika leo?"

"Sijaigusa."

"Muongo! Nasikia unavyopumua, kama paka anavizia panya."

Siku moja ni Jaifar aliyepiga. "Nasriya, kile kipande cha siku tuliyoonana! Kina mstari, mwembamba kuliko unywele, kutoka ukingoni mpaka kwenye jani. Ndio alama ya chuma kuanza kupasuka. Kuna mzee Amerika anaandika kitabu cha vipande hivi, anasema vya chapa yenye ufa huo vinajulikana viwili tu. Changu kitakuwa cha tatu, roho yangu! Lakini anataka picha mpya, taa iwe ya ubavuni."

"Kilete kwanza Baba akione. Kila siku ananiuliza huyo mchumba wako anachezea nini."

Kesho yake Jaifar akampa, kimezongwa pamba. "Amana yangu hii. Ijumaa nikija na ami Sleiman kukuposa, ntakichukua."

Hakusema zaidi, na hapo ndipo alipokosea. Watu wa vipande hivyo hawasugui kipande cha kale hata kwa ncha ya kidole. Wanalijua hilo kama sisi tunavyojua kuvua viatu kabla ya kukanyaga mkeka, hata hawafikiri kuwa duniani yupo asiyejua.

Na Nasriya akakosea papo hapo. Kwao Sidab, nyumba ya watu wa Unguja, posa ikija shaba yote ya nyumba huingia kwenye ukwaju: sinia, dele la kahawa, chetezo. Shaba nyeusi mbele ya wageni ni aibu ya binti. Alkhamisi asubuhi akakaa jikoni akasugua mpaka vidole vikakunjana. Mwisho akakichukua na kile kipande. Akakisugua kuliko vyote, kwa kuwa ndicho alichokipenda kuliko vyote.

Ijumaa wageni wakaja. Mzee Khalil, babake Nasriya, hakungoja hata kahawa imiminwe. Akaleta kisahani.

"Mwanangu Jaifar, hiki si chako? Tazama binti yangu alivyokufanyia! Kinang'ara kama kimetoka kwa fundi jana!"

Jaifar akakishika. Akatoa lenzi. Akakigeuza upande huu, akakigeuza upande ule. Ufa haukuwapo, na majani ya taji hayahesabiki tena.

"Jaifar," ami yake akamnong'oneza, "tunakungojea wewe tu, niseme neno."

"Nisameheni," Jaifar akasema. Akakirejesha kisahanini, akatoka nje. Posa ikavunjika, halua haijaonjwa.

Jioni ile simu ikalia. "Jaifar, nimefanya nini?"

"Hukufanya kitu."

"Sidab nzima wamekuona unatoka. Nambie nimefanya nini!"

Akamwambia. Wala hakumgombeza, angegomba ingekuwa nafuu. Nasriya akakaa chini, sakafuni.

"Hakitengenezeki?"

"Nimemuuliza yule mzee wa Amerika. Kanijibu maneno mawili: pole sana."

Siku ya pili Nasriya akampigia tena. "Nimekifungia kwenye chupa na mayai ya kuchemsha. Nilisikia yanarejesha weusi. Kimetoka na madoadoa, lakini ntajaribu tena."

"Nasriya, weusi utakuja. Ufa hauji."

"Vipande vyako vyote unavitia bahasha," Nasriya akasema, "na juu unaandika chapa yake ya ngapi. Hiki utakiandika nini?"

Jaifar akakata simu.

Siku kumi zikapita. Jaifar anashika simu, anaiweka. Amwambie nini? "Nimekusamehe"? Kosa gani alilofanya mtoto wa watu? "Si kitu"? Atakuwa amesema uongo. Na Nasriya anawapa watu dawa za usingizi, mwenyewe halali.

Siku ya kumi na moja, baada ya Alasiri, hodi ikapigwa Sidab. Mzee Khalil akafungua.

"Nimekuja kuomba radhi, mzee wangu."

"Radhi yangu umeipata. Lakini mie sina uwezo, mwanangu. Yule hata chai hanywi, na mimi babake nimeshindwa. Ingia ujaribu wewe. Nasriya! Mpima macho huyu hapa!"

Nasriya akatoka amejitanda kanga, uso umesinyaa. Akaweka kile kipande mezani, kina madoa kama chui.

"Chukua amana yako. Nimeiharibu."

"Umeiharibu," Jaifar akasema. "Na mimi nimekuharibia Ijumaa yako mbele ya watu. Yote mawili hatuna la kuyafanya."

"Hatuna." Machozi yakamtoka. "Basi umefuata nini?"

"Uliniuliza swali, nikakata simu. Siku zote hizi nalitafutia jawabu." Akatoa bahasha ndogo kwenye mfuko wa dishdasha, imeshaandikwa. "Soma."

"Macho yangu hayaoni. Nisomee wewe, si ndio kazi yako, macho ya watu?"

Jaifar akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akasoma polepole:

"Shaba. Amerika, 1837. Chapa: haijulikani, wala haitojulikana. Kimesuguliwa kwa ukwaju na mke wangu."