Aliyekufa Bila Mate

Aliyeisimulia hadithi hii kwanza ni Kagure mwenyewe, jikoni kwa dada yake, mjini Nanyuki, tarehe ishirini na sita Desemba mwaka 1999, wanawake wakimenya viazi na wanaume wakiwa nje na mbuzi. Wapo katika familia wanaosema mambo yenyewe yalitokea Juni. Si kweli. Yalitokea Julai 1996, wakati ukungu ulipokaa Nyeri siku tisa bila kuinuka, na Kagure alikuwa na mimba ya wiki tisa.

Ilikuwa mimba ya tatu. Ya kwanza ilitoka akiwa kwenye foleni ya maji, ya pili ikatoka akifua. Kwa hiyo alipoona matone ya damu safari hii, nesi hakumung'unya maneno. "Mama, ukitaka hii mtoto, lala. Usibebe kitu, usiiname, usipande gari. Inua miguu mpaka wiki kumi na mbili ziishe."

Mumewe, Ngatia, akauinua upande wa chini wa kitanda kwa matofali mawili mawili. Kagure akalala kichwa kikiwa bondeni na miguu mlimani. Ngatia alifanya kazi kwenye kinu cha kusaga unga pale Gatitu. Alitoka saa moja asubuhi, akarudi jioni mweupe kutoka nywele hadi viatu, akavua nguo nje kwa sababu harufu ya unga ilimtapisha mkewe. Kila kitu kilimtapisha: kitunguu, sabuni ya kipande, moshi, hata joto la blanketi. Asubuhi alitafuna mkate mkavu kabla ya kuinua kichwa, kama nesi alivyoagiza, kisha akanyonya ndimu. Tumbo lilitulia kidogo. Mate hayakutulia. Akiyameza, anatapika, akiyatema, yanajaa tena kabla hajafunga mdomo. Ngatia akatafuta mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia ya Kimbo, akatia majivu chini, akauweka sakafuni karibu na kichwa chake.

Jambo la kwanza lilikuwa dogo. Jumanne, kama saa nne asubuhi, Kagure alizinduka, akaunyanyua mkebe ateme. Ulikuwa mwepesi. Akatazama ndani. Mate yote ya asubuhi hayakuwamo. Hata majivu hayakuwamo. Bati liling'aa kama sahani iliyopita mbele ya mtoto mwenye njaa.

Jioni alimuuliza mumewe. "Ni wewe ulirudi ukamwaga mkebe?"

"Nitoke kazini nije kumwaga mate? Mimi ni bwana yako ama ni yaya?"

"Ulikuwa mkavu, Ngatia. Msafi kabisa."

"Pengine ni paka."

"Tuko na paka?"

Ngatia akacheka. "Juzi ulisema sabuni inanuka beberu. Jana ukasema mto wa kulalia unanuka mtu. Hiyo ni mimba, Kagure. Itaisha."

Lakini ule mto ulinuka mtu. Ulinuka mdomo, mdomo wa mtu aliyelala njaa siku nyingi. Jirani aliyeleta uji alinusa akasema hasikii kitu. "Ni mimba," naye akasema. "Mimi yangu ya pili nilisikia harufu ya mafuta taa mpaka kanisani."

Nyumba ilikuwa ya mbao, vyumba viwili, pembeni mwa shamba la kahawa la bibi kizee Ngendo aliyeishi ng'ambo ya kijito. Kagure na Ngatia walikuwa wamehamia mwezi wa nne. Kila mwisho wa mwezi Ngendo alikuja kuwajulia hali wapangaji wake, akasimama uani na fimbo yake, akasalimia. Walimkaribisha kila mara. Hakuwahi kuvuka kizingiti.

Alhamisi, saa nne tena, Kagure aliisikia. Nje ukungu ulikuwa umeziba dirisha kama pamba. Ndani kulikuwa na sauti ya ulimi juu ya bati, polepole, kwa bidii, kama ng'ombe anavyomlamba ndama. Hakuweza kujigeuza, maana nesi alimkataza kujipinda kiuno. Alizungusha macho tu, akauona ukingo wa mkebe ukizunguka wenyewe sakafuni, ukisimama, ukizunguka tena. Kwa hofu alifanya kile ambacho mwili wake tayari ulitaka kufanya. Aliitemea ile sauti, akasema kwa ukali, "Toka!"

Ikanyamaza. Kisha kutoka chini, sauti ya mwanamume, kavu na yenye kuridhika, ikajibu:

"Thaai."

Thaai ni neno la amani. Mzee anapowatemea watoto mate mkononi na kuwaombea heri, hivyo ndivyo watoto wanavyomjibu.

"Maitu," ikaongeza ile sauti. Mama yangu.

Ngatia aliporudi alimkuta ameshika kingo za kitanda kwa mikono miwili. "Nipeleke kwetu," Kagure akanong'ona. "Leo."

"Kwenu ni Mukurwe-ini, na barabara ni matope mpaka magoti. Nesi alisema usipande gari. Unataka tupoteze na huyu pia?"

"Kuna mtu hapa ndani."

Ngatia akachukua taa, akatazama chini ya kitanda, nyuma ya magunia, juu darini. Akarudi akamshika mkono. "Hakuna mtu. Lala, mama. Wewe lala tu."

Neno hilo ndilo lililokuwa kufuli. Akilala, yuko mikononi mwa kitu kile. Akiinuka akimbie, atamwaga mtoto kwa miguu yake mwenyewe. Hakuwa na njia ya tatu.

Ijumaa kile kitu hakikuusubiri mkebe. Ngatia alipofunga mlango na nyayo zake zikapotea kwenye ukungu, Kagure alisikia godoro likishuka upande wa miguu, kidogo, kama mtu anayepanda kwa adabu asimwamshe mwenzake, kisha ile harufu ya njaa ikapanda taratibu juu ya blanketi, ikapita magoti, ikapita mapaja, mpaka uzito wa kichwa ukatua chini ya kitovu chake na kulala pale, sikio au shavu hakujua, na pumzi yenye unyevu ikaanza kupenya blanketi, moto, baridi, moto, baridi, kama ya mtu aliyeegemea mlango akingoja wa ndani atoke. Mate yalimjaa. Akatema kando bila kufikiri.

"Thaai," kikasema kile kichwa, na kikawa kizito zaidi.

Jioni ile damu ilirudi, matone mawili.

Damu ndiyo iliyomtisha Ngatia. Jumamosi asubuhi hakwenda kazini. Alimleta Magdaline, mkunga aliyezalisha nusu ya Gatitu kabla magoti hayajamstaafisha. Alifika na koti la kiume, gambuti za mpira na rozari shingoni. Hakuuliza habari ya damu kwanza.

"Unatema wapi?"

Kagure akaonyesha. Magdaline akaunyanyua mkebe, akaunusa, uso ukabadilika. Akaufunika kifudifudi juu ya meza.

"Unakuwanga mkavu?"

"Ndiyo, shosho. Wanasema ni mimba."

"Mimba hailambi mkebe. Sasa niambie ukweli. Umewahi kuitemea hiyo kitu?"

"Nilikuwa naifukuza."

"Ah, mtoto wangu." Mkunga akaketi kitandani. "Hukufukuza. Ulibariki."

Akaeleza kwa sauti ya chini, akitazama mlango. Nyumba ile ilikuwa ya Gatimu, mume wa Ngendo. Mwana wao Kingori alimpiga baba yake kwa ajili ya shamba, pale pale uani, watu wakitazama. Gatimu alipokuwa akikata roho, mwaka wa sabini na saba, aliwaita watoto wote akamtemea kila mmoja kiganjani. Ilipofika zamu ya Kingori, mzee akafunga mdomo. Akafa amefunga.

"Kingori hakumaliza mwaka," Magdaline akasema. "Alikufa kwa hiki chumba. Mimi nilisaidia kumwosha. Mdomo yake ilikataa kufungika. Tulifunga na kitambaa, ikafungua. Tukamzika hivyo."

"Ni jini?" akauliza Ngatia kutoka mlangoni. Hakuna aliyecheka.

"Waislamu wa Majengo wangesema jini, wangemfukizia ubani. Mimi nasema ni mtu alikufa bila mate. Anatafuta mzazi wa kumbariki, na hapa amepata mama anatema kutoka asubuhi mpaka jioni."

"Anataka nini kwangu?" Kagure akauliza.

"Mahali pa kuzaliwa. Ukimpa mate ya kutosha, huyo wako atatoka na yeye ataingia."

Kagure akaweka mikono yote miwili juu ya tumbo. Nesi alikuwa amemwonyesha ukubwa wa mtoto kwa punje ya maharagwe.

"Kuna mate ya mtu mmoja tu inaweza kumtoa," Magdaline akaendelea. "Ya yule alimzaa. Ngendo amenikatalia miaka kumi na minane, ati bwana yake alifunga na hawezi kufungua. Leo atafungua. Ngatia, utakuja na mimi. Kijito kimejaa, huyo mzee hawezi kuvuka peke yake. Na wewe, Kagure, mpaka turudi, usiteme. Usitapike. Chochote kikija, meza. Hata tone moja lisitoke."

"Nikishindwa?"

"Usishindwe."

Walitoka saa nne. Mkebe ulikuwa juu ya meza, kifudifudi. Kwa muda kulikuwa na kimya tu, na matone ya ukungu yakidondoka kutoka paa la mabati. Kisha godoro likashuka.

Safari hii kilijua kwamba kimenyimwa. Kilianza kwa kuomba, "Maitu, niko na kiu," kwa sauti ndogo kama ya mtoto anayejua mama amechoka, na Kagure akakaza meno. Kisha kikaleta harufu: kwanza kitunguu kinachoungua, halafu beberu, halafu sabuni, halafu zote kwa pamoja, na mate yakamjaa chini ya ulimi, yakajaa mashavu, akayameza yakiwa na joto na chumvi, yakajaa tena, akameza, tumbo likapanda mpaka kooni na uji mchungu wa asubuhi ukafika nyuma ya meno, akaufungia mdomo kwa viganja viwili akaumeza nao, machozi yakimtoka, kichwa chake kikiwa bondeni na kila kitu mwilini kikitaka kuteremkia mdomoni, na juu ya tumbo kile kichwa kikisukuma, kikisukuma, "Maitu, tone moja, maitu, ndugu zangu wote walipewa," naye akihesabu mbao za dari, kumi na saba, akihesabu upya, kumi na saba, akiisemea ile punje ya maharagwe moyoni, shika, shika, shikilia, usiachie, mama hajaachia.

Ilikuwa karibu saa saba aliposikia nyayo uani. Ngatia alikuwa amembeba Ngendo mgongoni, wote wawili wamelowa. Akamtua kwenye kizingiti. Bibi kizee akasimama pale, ameshika mhimili wa mlango.

"Gatimu alifunga mdomo," akasema. "Mimi ni nani nifungue?"

"Wewe ni yule alimzaa," Magdaline akamjibu. "Gatimu hakubeba mimba. Angalia huyu msichana, Ngendo. Unataka alipe deni ya bwana yako?"

Ngendo akamtazama Kagure, mashavu yake yaliyojaa, viganja vyake mdomoni. Midomo ya bibi kizee ikatetemeka muda mrefu.

"Kingori," akaita.

Juu ya tumbo la Kagure kile kichwa kiliinuka. "Maitu?" kikasema, na safari hii hakikusema na Kagure. Ilikuwa sauti ya mtoto aliyepotea sokoni siku nzima, ambaye sasa amesikia jina lake. Kagure alikuwa amezishinda harufu na uzito na hofu. Sauti ile ilimshinda. Kwikwi ikampasua, viganja vikalegea, na kutoka pembe ya mdomo tone moja likadondoka juu ya mto.

Wakati huo huo Ngendo akatema mate kwenye kizingiti. "Nimefungua. Enda kwa baba yako, mwana wangu. Enda na thaai."

Uzito ukaondoka. Mkebe ukaanguka kutoka mezani, ukabingirika hadi mlangoni, ukasimama. Harufu ya njaa ilipita katikati yao ikielekea kwenye ukungu, na Ngatia, ambaye hakuwahi kuisikia, akaziba pua.

"Imeisha," Magdaline akasema. Akainama juu ya kitanda. "Hukutema? Hata tone?"

Kagure akageuza macho, akatazama mto. Palipoangukia tone palikuwa pakavu tayari. Akapagusa kwa kidole. Pakavu.

Akatikisa kichwa kwamba hakutema.

Damu haikurudi tena. Mtoto alizaliwa tarehe kumi na nne Februari 1997, msichana mzima, wakamwita Lynn pamoja na jina la mama yake Ngatia, kama desturi ilivyotaka. Siku ya nne nyanya huyo alimpakata, akakifungua kiganja chake kidogo, akakitemea mate ya baraka. Kiganja kilikauka kabla nyanya hajakifunga.

"Huyu yuko na joto!" nyanya akasema, akacheka. Mtoto alikuwa amegeuza uso kuuelekea mdomo wa nyanya, midomo yake wazi.

Ndipo Kagure alipojua lile tone la kwenye mto lilimfungulia nani njia, na akakaa na siri hiyo miaka mitatu kasoro, mpaka siku ile ya viazi.

Kwa wanaotaka kujua: Ngendo alifariki Novemba ya mwaka ule ule wa 1996, na waliomwosha wanasema mdomo wake ulifungika vizuri. Magdaline alifariki mwaka 2004. Ngatia yu hai. Kagure yu hai, na hajawahi tena kutema mate nje ya mdomo wake, hata akipiga mswaki, humeza. Lynn yu hai. Kuhusu Kingori, aliyezikwa mwaka 1978, dada yake Kagure aliuliza siku ile jikoni kama basi ahesabiwe pamoja na wafu. Kagure alimtazama mtoto aliyekuwa amelala usingizi kwenye kochi ng'ambo ya mlango, mdomo wazi, na mto chini ya shavu lake mkavu. Akameza mate.