Joto la Kwapa

Mimi gari likizima njiani hufungua boneti nikakuna kichwa tu, kwa hiyo haya si yangu. Yalimpata rafiki yangu, fundi umeme wa magari.

"Fanya hima, fundi," mteja alimwambia. "Mke wangu na kichanga wananisubiri hospitali."

Taa ya injini ilikuwa inawaka kwa sababu ya hita inayoipasha joto sensa ya oksijeni, kile kihisio kilichopachikwa kwenye bomba la moshi. Rafiki yangu akaingia uvunguni, gizani, akachomoa plagi na kupima. Hita ilikuwa imekatika, haipitishi umeme hata chembe, na injini ilikuwa baridi tangu jana. Lakini alipoigusa sensa kwa mkono, kama mafundi walivyozoea, ilikuwa na joto la kwapa.

Akaifungua. Ikatoka ikivuta ute mrefu, na tundu likanuka kama mdomo usiojua mswaki. Akaliziba tundu kwa kitambaa. Kitambaa kikavutwa ndani taratibu, kisha akasikia kutafuna, polepole, kama mtu anayekula nyumbani kwake.

"Vipi, imepona?" mteja akauliza kutoka juu.

"Kaka, kachukue teksi."

Kitambaa kilikuwa kimetemwa kifuani pake, kimelowa mate, na kina alama za vijino viwili vya mtoto.