Shahidi Mwenye Wivu

Kila asubuhi Gesare alipopanda kutoka chemchemi ya Nyakoe na mtungi kichwani, moyoni alikuwa akihesabu mema ya Nyamusi, mwenzake wa darasani. Nyamusi amesuka nywele upya. Nyamusi amesifiwa na mwalimu. Na sasa Nyamusi ana viatu! Darasa zima la sita lilikanyaga tope kwa nyayo, lakini vile viatu vyeusi vya vifungo vya shaba vililia kwi, kwi, hata ng'ombe wakaacha malisho kuvitazama.

Mwaka huo wa 1971, mama yake Nyamusi, Persis, alishtakiwa kwa kuiba mbuzi wa jirani yao, Momanyi. Momanyi alidai kwamba Jumanne moja ya likizo ya Agosti, saa sita mchana, alimwona kwa mbali akimvuta mbuzi, amejifunga kitambaa cha njano kichwani.

Siku ya kwanza ya kesi mjini Kisii, hakimu, ambaye alikuwa mgeni sehemu zile, aliuliza, "Mama, una la kusema?"

Persis aliinamisha kichwa, kimya. Baba mkwe wake, Mzee Machogu, alikuwa amekuja kumtia moyo, akaketi benchi la mbele kabisa! Na mke wa Kigusii atabishanaje mbele ya baba mkwe? Hakimu alidhani kimya kile ni cha mwizi. Akaahirisha kesi kwa wiki tatu. Wengi waliona kifungo kinakuja.

Serikali haikuwa na wakili wa kumpa maskini mwenye kesi ya mbuzi. Basi akina mama wa kanisa wakaweka debe. Kila nyumba ilete nafaka ya wimbi, iuzwe soko la Mosocho, wakili apatikane. Wimbi likamiminika, na mikungu ya ndizi ikarundikwa hata aliyesimama upande huu hakumwona wa upande ule.

"Mama, si hilo ni wimbi la sare yangu?" Gesare aliuliza.

"Sare itangoja. Jela haingoji."

"Kila kitu Nyamusi! Nyamusi!"

"Funga huo mdomo, nzi wataingia."

Jumapili wakili, Bwana Ouko, alifika kijijini Nyakoe. "Huyu mama ananiambia siku ile alikuwa soko la Birongo akinunua viatu vya mtoto," alisema. "Muuzaji hatumpati, maana anazunguka masoko. Nani alimwona huko?"

Watu wakatazamana. Gesare akatazama vidole vyake vya miguu. Yeye alimwona. Siku ile alikuwa na shangazi yake, muuza ndizi wa Birongo, amejibanza nyuma ya ndizi, akivitolea macho vile viatu. Lakini alinyamaza. "Acha naye akose kitu, japo mara moja," alijiambia.

Kesho yake Nyamusi alikuja chemchemini peku.

"Viatu viko wapi?" Gesare aliuliza.

"Nimevitia kwenye debe, viuzwe." Nyamusi akajifuta pua. "Mama akifungwa, mdogo wangu mchanga atanyonya nini?"

Gesare alikuwa ameingoja siku ile kwa hamu. Ilipofika, haikuwa na utamu; akautua mtungi chini.

"Nilimwona," alisema. "Birongo."

"Ulijua tangu siku hiyo? Na ukanyamaza!" Nyamusi akammwagia maji ya mtungi mzima, kisha akamshika mkono, wakakimbia hadi kwa mama yake Gesare.

Siku ya kesi, Bwana Ouko alimweleza hakimu mila ile na kumwomba Mzee Machogu angoje nje. Persis akazungumza mpaka mkalimani akaomba maji ya kunywa! Kisha Gesare akaitwa.

"Alijifunga kitambaa gani?" wakili aliuliza.

"Cha buluu, chenye maua meupe. Basi la saa sita lilipopiga honi, alikuwa anakataa jozi ya kahawia. Soli ilikuwa imepasuka. Walibishana hadi muuzaji akatupa kofia chini. Ndipo mama Nyamusi akachukua vyeusi, vyenye vifungo viwili, kimoja kimekwaruzwa."

Hakimu akavitazama viatu, ambavyo wakili alivitoa kwenye debe kabla havijauzwa na kuviweka mezani. Kifungo kimoja kilikuwa na mkwaruzo.

"Mtoto, kwa nini ulimwangalia hivyo?"

"Kwa wivu, mheshimiwa."

Korti nzima ikacheka. Momanyi alipoulizwa, alikiri kwamba sura hakuiona, kitambaa tu. Persis akaachiliwa.

Nje, akina mama waliamua debe lisiondolewe, kwa kuwa mjane mmoja wa Mosocho alikuwa na kesi mwezi ujao bila wa kumsemea.

Mama yake Gesare alimvuta kando. "Ulihesabu mikwaruzo ya kifungo, ukashindwa kuona mama wa watu akielekea jela. Wivu ndivyo ulivyo. Ukijua jambo la kumwokoa mtu, liseme siku hiyo hiyo, hata kama humpendi. Sasa nenda ukamwombe radhi."

Gesare akapiga magoti mbele ya Persis, naye akamwinua. Kisha Gesare akamgeukia Nyamusi.

"Bado umenikasirikia?"

"Sana," Nyamusi alijibu. "Lakini kesho tutapita nyumba zote kumchangia yule mjane. Usichelewe."