Hakuna Aliyemuuliza Mama Godoro

Jua likiwa la utosini, ua wa nyumba ya wapangaji hunyamaza. Nguo zinaning'inia kwenye kamba. Masufuria yamefunikwa. Fundi Viatu alikuwa kibarazani akishona soli, misumari midogo mdomoni, alipousikia tena ule mlio.

Pu. Pu. Pu. Kimya. Pu.

Kila mpangaji aliujua mlio ule. Ndivyo Mama Godoro alivyopiga pamba kwa fimbo ili ilainike: mapigo matatu, anapumua, pigo moja. Alikuwa akishona magodoro katika chumba cha pembeni tangu ujana wake. Lakini sasa mlango wa chumba kile ulikuwa na kufuli kwa nje. Mwenyewe alikuwa sokoni kununua uzi.

"Baba Kibibi," mkewe alimwita kutoka ndani, kwa sauti ya chini. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na mtoto amechemka tena. Ukianza tu mlio ule, homa inapanda."

Haikuwa kweli, na Fundi alijua. Homa ilipanda hata siku za kimya. Lakini aliendelea kushona.

Msimamizi wa nyumba alikuwa akipita mlango kwa mlango. "Alasiri tunakutana. Yule mchawi anaondoka leo. Fundi, wewe una mabega, utatoa vitu vyake. Akileta ubishi, vijana wanajua la kufanya."

Akacheka. Fundi hakucheka. Msumari ulikuwa umemchoma ulimi.

Mlango wa pili alikaa Bibi Karani. Kabla ya kustaafu alifanya kazi mahakamani, akiandika maneno ya washtaki na washtakiwa. Alikuwa akipepeta mchele Fundi alipomwendea.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mama Godoro amekosa nini?"

"Si umesikia mwenyewe? Yuko sokoni, na fimbo yake inapiga!"

"Mlio nimesikia. Fimbo umeiona ikipiga?"

"Mlango umefungwa, nitaionaje?"

"Kumbe hujaiona. Haya, mlipomuuliza, alisemaje?"

Hakuna aliyemuuliza. Tangu minong'ono ianze, watu walimpita Mama Godoro kama wanavyopita nguzo. Alisalimia, hakuitikiwa. Akitokea, watoto waliitwa ndani. Hata mke wa Fundi aliacha kumtazama usoni, na Mama Godoro ndiye aliyemshika mkono siku ya kumzaa Kibibi.

"Unamkumbuka muuza mkaa?" Bibi Karani akauliza.

"Yule tuliyemfukuza?"

"Mliyemfukuza! Mimi mnitoe humo. Maji ya pipa yalinuka, mkasema kayaroga. Mkamvunjia vyombo, akaondoka na watoto wake kwenye mvua. Maji yakaacha kunuka?"

Fundi akatazama chini. "Hayakuacha."

"Na pipa hilo mpaka leo halina mfuniko. Chumba chake alipewa nani?"

"Shemeji wa Msimamizi."

"Na hiki cha leo?"

Fundi akageuka. Kitanda cha mpwa wa Msimamizi kilikuwa kimeshaletwa, kimeegemezwa kwenye ukuta wa chumba cha Mama Godoro.

"Sikiliza, mwanangu," Bibi Karani alisema, na sasa sauti yake ilikuwa na hasira. "Haki si kutafuta mtu wa kumtwisha lawama ili sisi tulale vizuri. Mtu aambiwe kosa lake usoni. Asikilizwe kabla hajahukumiwa. Anayemshtaki alete ushahidi, asilete hofu. Na anayehukumu asiwe ndiye atakayefaidika. Ukiondoa hata kimoja, huo ni uonevu."

"Na kama hatujui nani anapiga?"

"Basi hamjui. Kutojua si ushahidi."

Alasiri ua ulijaa watu, lakini hakuna aliyepiga soga. Mama Godoro alirudi na kikapu chake, akakuta duara. Watu wakampisha bila kumgusa. Akasimama katikati, akaelewa.

"Fundi, ingia utoe vitu," Msimamizi akaamuru.

Fundi hakuingia. "Kwanza aulizwe."

"Aulizwe nini? Unamtetea, na mwanao anaumwa?"

"Anayeumwa ni mwanangu, si wako. Ndiyo maana nataka kujua kweli." Akamgeukia Mama Godoro. "Mama, wanasema mlio wa mchana unatoka kwako. Unasemaje?"

Mama Godoro alimtazama kama mtu aliyesahau kwamba anaonekana.

"Na mimi nausikia," akasema. "Siku hizi silali mle ndani, nalala jikoni. Nilidhani ni nyinyi, mnanitisha nihame."

Ndipo, nyuma ya mlango uliofungwa:

Pu. Pu. Pu. Kimya. Pu.

Mtu akapiga yowe. Kikapu kikamdondoka Mama Godoro. Mikono yake ilikuwa mitupu, watu wote wakiiona.

"Mmesikia!" Msimamizi akafoka. "Ndiye!"

"Yuko hapa mbele yetu," Fundi akasema. "Kama yuko hapa, mle hayuko. Jambo lenyewe linalomtoa hatiani ndilo tunalomfukuzia! Na wewe, kitanda cha mpwa wako kinangoja nini pale?"

"Kinangoja godoro," Bibi Karani akajibu.

Wachache wakacheka, kisha wakaona haya.

Mama Godoro akatoa ufunguo. Waliingia wote pamoja. Hapakuwa na mtu. Fimbo iliegemea ukuta, pamba ilikuwa guniani. Walichungulia darini, wakagonga sakafu. Hawakupata kitu. Msimamizi alikirudisha kitanda mwenyewe, na wapangaji wakakubaliana kwamba hatahukumu tena jambo linalomhusu yeye au ndugu zake.

Jioni hiyo Kibibi alipelekwa zahanati, Mama Godoro akiwa amembeba. Alipimwa, akakutwa na malaria. Mhudumu akauliza kama nyumbani kuna maji yaliyotuama. Waliporudi, Fundi alipomulika ndani ya lile pipa, aliona viluwiluwi vya mbu vikicheza. Alilimwaga, akalisugua, akalichongea mfuniko. Kibibi akapona, na watoto wengine hawakuugua.

Mlio haujaisha. Siku hizi Mama Godoro anapiga pamba yake uani, katikati ya wenzake. Ukianza kule ndani, yeye huinua fimbo yake juu.

"Jamani, mimi nipo hapa!"

"Tunakuona, mama!" wanamjibu, ingawa nywele zimewasimama.

Juzi Kibibi alimsogelea baba yake. "Baba, nani anapiga?"

"Sijui," Fundi alisema. Akaendelea kushona soli, wala hakutazama mlango wa mtu.